Misi, Kumisi na Mimi

Mwanangu Oresta,

Hali yako siiulizi. Mchana huu nimekuona ukimaliza magimbi ya baba yako bila hata kumtazama usoni, na mtu mwenye hali mbaya hali hivyo. Yangu utaijua humu ndani. Umekwenda Majengo kusuka, na ninavyokijua hicho kichwa chako kinachouma kabla hakijaguswa, hutarudi mapema. Baba yako yuko uani anapigilia misumari kwenye sanduku lako la chuo na kumlaani fundi aliyeuza mbao mbichi. Fundi mwenyewe ni yeye. Basi nimekaa mezani na kalamu, mimi ambaye mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa nakuombea ruhusa shuleni una surua.

Mambo ya kufua, kusali, kuficha nauli na kutopokea chakula cha watu njiani nimekwisha kuyasema mpaka ukaniambia, "Mama, unajirudia kama redio." Haya, redio imezimwa. Nataka kukuandikia juu ya lile swali uliloniuliza Jumapili tukitoka kanisani, mimi nikajifanya kiatu kinanibana.

Uliuliza hivi: "Mama, nikiwa chuo, likizo fupi niwe naenda kwa Misi? Kutoka pale chuoni Mbesa mpaka Tunduru mjini ni karibu. Kurudi huku Songea kwa siku mbili tatu ni kujichosha tu."

Kujichosha tu! Sikukujibu. Nilichechemea tangu kanisani mpaka nyumbani Lizaboni, wewe ukanishika mkono ukisema pole na kiatu. Oresta, kiatu hakikuwa na tatizo lolote. Ni wivu. Nimeliandika neno lenyewe na wala sioni haya, maana nyumba nzima inajua isipokuwa wewe, na hata wewe nadhani unajua, unaninyamazia tu.

Sasa nikueleze Misi ni nani. Utacheka, useme Misi namjua. Unamjua wa kwako. Wa kwangu humjui.

Alikuja hapa mtaani kufundisha Kiingereza shule ya msingi, akapanga chumba kwa jirani, ukuta kwa ukuta na sisi. Binti wa Kiyao, kwao Tunduru, mrefu, anatembea kama aliyebeba maji kichwani. Watoto wakamwita Misi. Baada ya muda wazazi nao wakamwita Misi, mwenye duka akamwita Misi, hata padre alipokutana naye njiani alisema, "Habari, Misi." Mimi nilikuwa nashinda sokoni na dagaa wangu wa Nyasa, narudi jua limekwisha, na wewe uko darasa la tatu unakuta nyumba imefungwa. Yule mwanamke akakuita ndani kwake, akakupa uji, akakuketisha usome. Nilishukuru sana. Nilimpelekea hata dagaa. Shukrani yenyewe ilidumu kama wiki.

Maana ulianza kurudi unanukia mafuta yake. Mafuta ya waridi, ya kwenye kichupa. Mimi nanuka dagaa, hilo silikatai, dagaa ndio waliokuvisha sare. Lakini kumkumbatia mwanangu nikute harufu ya mwanamke mwingine, jamani! Nilikuwa nakuogesha upya. Unalia, "Mama, nimeshaoga kwa Misi," na mimi nasugua, nakwambia una vumbi.

Halafu ikaja "Misi kasema". Misi kasema maji ya kunywa yachemshwe. Kwani mimi nilikuwa nakunywesha matope? Misi kasema tusiongee chakula kikiwa mdomoni. Misi kasema mtoto asome kwenye mwanga. Siku moja ukaaga kulala kwa kusema "inshallah", baba yako akacheka mpaka akashika ukuta, mimi nikafunga mlango kwa kishindo. Kitu kimoja tu kilinifariji: ugali wake ulikuwa mlaini mno, wa kumeza bila kutafuna, na likolo, mboga yetu ya majani, hakujua kabisa kulipika. Ulikuwa unarudi na njaa. Nakupakulia huku moyo wangu unacheza ngoma.

Baba yako aliniambia, "Mama Oresta, mimi nachelewa Bombambili mpaka jogoo wanawika, hujawahi hata kuniuliza nilikuwa na nani. Huyu mwalimu anakukosesha usingizi. Hebu na mimi nionee wivu kidogo." Nikamwambia akapige randa.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kile Kiingereza chenu. Mnaongea juu ya ua uliotutenganisha, wewe huku, yeye kule, mnacheka. Mimi nimesimama na ungo, nacheka nami nisionekane mjinga, wala sijui nacheka nini. Sauti yako ikiwa kwenye Kiingereza inabadilika, unajua hilo? Inapanda puani, inakuwa ya mtu mwingine. Nilikuwa nasimama pale nikisema moyoni, huyu anayecheka ndani ya mwanangu ni nani, na mbona mimi sijatambulishwa?

Ukafaulu, ukaenda bweni kidato cha kwanza. Nikafikiri sasa tumegawana hasara, mimi sina mtoto na Misi hana mtoto. Na hapo ndipo ulipotuma ule ujumbe kwa simu ya matroni. Mpaka leo hujui yaliyotokea huku.

Ujumbe ulisema: "Miss you sana. Baridi kali huku. Naomba blanketi. Oresta."

Nilikuwa nimeketi hapahapa. Nikasoma neno la kwanza: Miss. Nikasoma la pili. "You" naijua, hata mtoto wa chekechea anaijua, ni "wewe". Misi, wewe sana. Misi, wewe sana! Sana nini? Sana ndiye mama yangu? Sana ndiye ninayekupenda? Nikaelewa yote kwa mkupuo. Mtoto kasikia baridi, kaomba simu ya matroni, kamwandikia Misi, na matroni kwa kutojua kautuma kwa namba ya mzazi. Yaani mwanangu anatetemeka kwa baridi na mtu anayemwomba blanketi si mimi.

Weee! Kanga sikuifunga vizuri. Nilikwenda kwake bila hodi, nikamkuta anapepeta mchele, nikamnyooshea simu.

"Ujumbe wako huu. Umekosea njia ukaja kwangu. Blanketi mpelekee wewe, si ndiye mama!"

Akasoma. Akaweka mkono mdomoni. Nilidhani anacheka, nikatafuta kitu cha kurusha.

"Mama Oresta, kaa kwanza."

"Sikai."

"Wallahi, hapa sijatajwa mimi. Hiyo 'miss' si mtu, ni kitendo. Anasema anakukosa."

"Ananikosa? Amenikosea nini?"

"Hajakukosea. Anakukosa. Yaani hupo."

"Mimi sipo? Nimekwenda wapi? Niko hapa Lizaboni siku zote!"

Akakuna kichwa, mwalimu mzima. Akajaribu tena. "Upo, dada. Lakini upo huku, yeye yuko kule. Anatazama pembeni hakuoni. Anakukumbuka mpaka panauma. Ndiyo 'miss' yenyewe. Hapa ameandika kwako wewe. Mimi hata salamu sijapewa."

Nikakaa. Nilikaa kwenye mchele wake, kwa taarifa yako.

Kwa aibu, nikajifanya nataka elimu, nikamuuliza kama neno hilo lina maana nyingine. Akanipa zote huku anaokota punje. Ukichelewa basi stendi, umelimisi. Ukirusha jiwe kwa ndege likapita pembeni, umemisi. Misa ya Jumapili usipokwenda. Simu ikilia usiipokee, ndiyo hiyo miskoli. Mtu akipotea watu wakamtangaza redioni, ni neno hilohilo limeongezwa mkia. Na mwanamke asiye na mume, naye anaitwa hivyohivyo.

"Neno moja tu?" nikasema. "Hawa Wazungu maskini wa maneno kiasi hicho?"

"Wenyewe wanasema ni mawili, yamekutana njiani tu," akajibu. Kisha akasema polepole, hanitazami, "Lakini watoto wakiniita mimi nayasikia yote mawili."

Nilimhurumia, sitadanganya. Mwanamke wa watu, mzuri, hana mume, hana mtoto, na kutwa nzima watoto wanamwita kwa jina la alichokosa. Nikakumbuka siku niliyosema kwa sauti bombani, yeye akiwepo, kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye aliendelea tu kuchota maji. Basi huruma ikanijaa, nikakaribia hata kumshika bega. Halafu nikakumbuka kwamba imebidi yeye anisomee mapenzi ya mwanangu mwenyewe. Wewe umeniandikia mimi, na nimeshindwa kufungua, kafungua yeye. Wivu ukarudi na nguo mpya, nikasimama, nikaaga.

Kesho yake nilipanda basi nikakuletea blanketi. Unakumbuka ulisema nini kabla hata ya kumuulizia baba yako? "Misi hajambo?"

Mh.

Lakini lile neno halikuniacha. Niko sokoni napima dagaa kwa kopo, nalitafuna. Sisi hatuna "miss", tuna kosa na watoto wake. Kukosa, kukosea, kukosana, kukosekana, kukosesha. Jirani yangu wa nyanya alidhani nasali rozari. Na jinsi nilivyozidi kulitafuna nikaona jambo lililonitisha kidogo. Kwetu sisi aliyekosa mtu na aliyemkosea mtu wanaitikia neno moja. Na mimi ndivyo nilivyo, Oresta. Nikikukosa, nakukosea.

Kumbuka likizo zako zote za sekondari. Siku ya kwanza unashuka na begi, umekonda, unacheka, na mimi badala ya kukukumbatia nauliza nani kakusuka nywele za hivyo. Nauliza sahani ya bati iko wapi. Nakwambia umekuwa mvivu hata begi hujalitua. Wewe unanyong'onyea, unakwenda kukaa na baba yako kwenye maranda. Mwanangu, miezi yote nilikuwa nimekukosa, na huko kukosa kulikuwa kumenijaa mpaka hapa kooni, mlango ulipofunguka kikatoka kilichokuwa mbele, nacho kilikuwa kelele. Watu wengine wanasema nimekumisi. Mimi nasema sahani iko wapi.

Unakwenda kusomea uuguzi, basi hili lichukue. Huko wodini utakutana na wanawake watakaokufokea kwa ajili ya shuka, kwa ajili ya uji uliopoa, kwa ajili ya kitu cha bure kabisa. Kabla hujajibu, mtazame vizuri. Inawezekana shuka halimhusu. Inawezekana kuna mtu anatazama pembeni hamwoni.

Baba yako, akishakunywa ulanzi wake, husema upendo haupungui kwa kugawanywa. Mwongo. Unapungua. Jino lako la mwisho la utoto liling'oka kwa Misi, nilionyeshwa kwenye karatasi. Siku ulipovunja ungo ulimwambia yeye. Najua, kwa mila zetu hilo si la mama, ni la bibi au shangazi, wala nisingelalamika ungemwendea bibi yako. Lakini Misi si bibi yako, si shangazi yako, si Mngoni, hata Mkatoliki si! Zile saa ulizokaa kwake sikuzipata, na hakuna atakayenirudishia. Nimezikosa na nitazikosa mpaka nife. Sitaki mtu aje kunifariji kwa maneno matamu kwamba sikupungukiwa. Nilipungukiwa. Ila wewe uliongezeka, hilo nimeliona kwa macho yangu. Niliishi na mambo hayo mawili kwa pamoja, na hata moja halikulifuta jenzake.

Misi aliporudi kwao Tunduru, uko kidato cha tatu, nilimsaidia kufunga mizigo kwa bidii ambayo mtaa mzima uliisemea. Jioni yake nikatazama ule ua. Hakuna mtu. Nikajikuta sina wa kumwonea wivu, na nyumba ilikuwa kimya kweli. Usije ukamwambia hilo hata siku moja.

Sasa jibu lako.

Leo ulipotoka tu kwenda Majengo, nilimpigia. Hakupokea. Nikasema vizuri, Mungu ameamua. Kabla sijaiweka simu chini akanipigia yeye.

"Mama Oresta, habari za Songea?"

"Nzuri. Mtoto anasafiri kesho."

"Najua. Aliniambia siku ileile alipopata nafasi."

Siku ileile! Mimi uliniambia kesho yake, ukasema ulitaka baba awepo.

"Kanieleza pia kwamba umekataa asiwe anakuja kwangu," akasema.

"Sijakataa. Sijajibu."

Nikasikia kuku wa kwake. Kisha akasema, "Usipotaka nitaelewa, dada yangu. Mtoto ni wako. Ila chumba nimeshakipaka chokaa."

Nilipandwa na hasira, we acha tu. Amepaka chokaa kabla ya ruhusa yangu! Nilikuwa na maneno ya kumpa, yamejipanga kwenye ulimi. Lakini sijui kwa nini nikauliza, "Umepaka rangi gani?"

"Nyeupe," akasema. "Si unajua Oresta hapendi kijani."

Oresta. Hiki chumba chako ni kijani. Nilikipaka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, ulipoanza shule, na kila mwaka kabla ya Krismasi narudia kijani hichohicho kwa sababu siku ile ya kwanza uliruka ukasema kizuri. Ulikuwa mtoto mdogo. Umelala kwenye kijani miaka yote hii na hukunifumbulia mdomo. Yeye ulimwambia.

Nilisimama na simu sikioni, nautazama mlango wa chumba chako. Akaita, "Mama Oresta? Upo?" Nikamwambia nipo.

Kisha nikamwambia ampokee mtoto stendi, na asimpe ule ugali wake. Akaanza kulia, mwanamke mzima, akisema alhamdulillah, alhamdulillah, na mimi nikakata simu kwa kuwa sikutaka anisikie.

Kwa hiyo nenda. Likizo fupi zote nenda kwa Misi. Idi kaa naye, mpikie, maana hana mwingine wa kumpikia. Nitakuwa hapa nimenuna, nitakuwa nahesabu kila saa unayomgawia, na ukinipigia ukaanza na "Misi anakusalimu" nitaitikia kwa sauti kavu kama kijiti. Usishtuke. Hiyo ndiyo "miss" ya kwangu, sina nyingine. Lakini Krismasi ni yangu. Hapo Mungu alinipendelea, Misi hana haja nayo. Krismasi unakuja nyumbani, na hilo halijadiliwi.

Nakusikia getini, unacheka na baba yako, kichwa kimekuuma sawasawa. Naikunja hii niiweke chini ya nguo zako, usiione mpaka ufike.

Kesho basi lako likiondoka nitapitia dukani kununua chokaa. Ukija Krismasi utakuta chumba chako cheupe. Cheupe kuliko cha kwake.

Mama yako